Imeingia, Lakini Inasema Kweli?

Mwanafunzi wa kemia akishaandika pip install pyscf na mistari ikaisha bila kosa, huona kazi imekwisha. Mimi humzuia hapohapo. Programu imeingia, ila hatujajua kama majibu yake ni ya kuaminika.

PySCF ni programu ya Python inayokokotoa nishati ya elektroni za molekuli kwa kukadiria jibu la mlinganyo ambao Erwin Schrödinger aliuchapisha mwaka 1926. Ni ya bure, na kwa molekuli ndogo kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Mwenye Windows aweke kwanza WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Itengee PySCF mazingira yake kwa venv, isije ikagombana na maktaba nyingine ulizonazo. Na usiliite faili lako pyscf.py: Python italisoma hilo, programu yenyewe isiguswe.

Sasa ijaribu kwa haidrojeni. Weka atomi mbili, umbali wa angstromu 0.74, seti ya msingi STO-3G, njia ya Hartree-Fock. Jibu liwe hartree -1.1167. Likija jingine, kagua vipimo kwanza. Umbali huo ukisomwa kwa bohr, atomi zinakuwa zimesogezwa hadi karibu nusu yake. Nishati halisi ya haidrojeni ni takriban -1.1745; jibu letu halifiki hapo, kwani STO-3G ni seti ndogo mno na Hartree-Fock haizingatii ipasavyo namna elektroni zinavyokwepana. Hata hivyo -1.1167 ndiyo tunayoitafuta, kwa sababu kila programu iliyo sawa itaitoa ileile.

Mtihani unaonigusa zaidi ni wa oksijeni, maana hapa kosa halipigi kelele. Molekuli yake ina elektroni 16, na mbili kati yake hazina wenzi. Ndiyo sababu oksijeni ya kimiminika huvutwa na sumaku. PySCF usipoiambia kitu huchukulia spini ni 0. Ingekuwa elektroni 15, ingekataa. Kwa 16 inakubali, inakokotoa hadi mwisho, na kukupa nishati ya oksijeni ambayo si hii tunayoipumua. Andika spin=2, yaani elektroni mbili pweke. Ukihamia Psi4, programu nyingine ya kazi hii, molekuli hiyohiyo huandikwa 3, kwa kuwa huko huongezwa moja juu ya idadi hiyo.

Endesha hesabu zote mbili za oksijeni, ya spini 0 na ya spini 2, uziweke sambamba. Nishati ya 2 lazima iwe chini zaidi.