MAKTABA NI YAKO PIA, MKULIMA

Wakulima wengi wa skimu wakisikia neno "maktaba" hufikiri kwamba hapo ni mahali pa watoto wa shule na wanafunzi wa chuo kikuu. Husema, "Mimi nimekwisha maliza masomo. Kazi yangu ni jembe." Mawazo hayo si sawa, tena yanaweza kumtia mtu hasara kubwa. Katika makala haya nitaeleza kwa nini.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Asubuhi moja mzee mmoja alifika dirishani kwangu. Alitaka kumwuliza Bwana Shamba habari za miche ya kahawa. Alipokuwa akingoja, alinieleza shida nyingine iliyokuwa ikimnyima usingizi. Baba yake alifariki akaacha shamba. Mtu mmoja wa ukoo alikwenda kortini peke yake, akaomba hati ya kusimamia mali ya marehemu. Tangazo la ombi hilo lilipigwa chapa, na watu wakapewa siku 30 za kupinga. Pale nyumbani hakuna hata mmoja aliyeliona. Mzee alipata habari siku ile wapimaji walipoingia shambani na vifaa vyao.

"Tangazo lilitolewa wapi, mwanangu?" aliniuliza. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Nilimjibu, "Mzee, lilitolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na gazeti hilo linauzwa duka gani?"

Swali la mzee huyo ndilo lililonifanya niandike. Maana gazeti hilo halionekani katika maduka yetu. Lakini linaweza kusomwa katika maktaba kubwa za umma.

MAKTABA ZETU ZILITOKA WAPI

Katika sehemu zetu habari za maktaba si ngeni. Sir Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja, alifariki mwaka 1925. Mkewe, Lady McMillan, alijenga maktaba mjini Nairobi kwa ukumbusho wake, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Ipo hata leo karibu na Msikiti wa Jamia. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Mwaka 1962 ikawa mikononi mwa Baraza la Jiji la Nairobi, na sasa ni ya wote.

Kwa Waafrika, kazi ya kueneza vitabu ilifanywa hasa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948. Vitabu vilitiwa katika masanduku vikapelekwa mashambani, na wengine waliazima kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Halmashauri ya Huduma ya Maktaba ya Taifa, ambayo wengi huiita knls. Halmashauri hiyo ilifungua matawi katika miji mingi, na Thika ni mojawapo. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaweka maktaba katika orodha ya kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi akiwa na ombi juu ya maktaba, mlango wa kwanza wa kubisha ni ule wa kaunti yake.

UTAKUTA NINI NDANI

Maktaba ya umma kwa desturi ina sehemu hizi:

Kwanza, vitabu vya kuazimwa. Hivi unaweza kwenda navyo nyumbani kwa siku ulizopewa.

Pili, vitabu vya kutazamwa humo humo, kama vile kamusi, ramani, sheria na taarifa za Serikali. Hivi havitoki nje.

Tatu, magazeti, ya leo na ya zamani.

Nne, sehemu ya watoto, yenye vitabu vyao na viti vya kimo chao.

Tano, kompyuta zenye intaneti, katika maktaba zilizo nazo.

Tena kuna meza, mwanga na kimya. Usidharau jambo hilo. Mtoto wa mkulima anayejitayarisha kwa mtihani, na nyumbani taa ni moja na watu ni wanane, anahitaji meza kama vile ng'ombe wa maziwa anavyohitaji maji.

JINSI YA KUPATA KITABU CHA KILIMO

Mtu akiingia mara ya kwanza huogopa wingi wa vitabu. Asiogope. Vitabu vimepangwa kwa mistari kama kahawa shambani, na kila mstari una namba. Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na maktaba nyingi duniani huufuata. Namba ya kilimo ni 630. Andika hizi zifuatazo katika daftari lako:

631 ni kazi za shamba na udongo.
632 ni magonjwa na wadudu wa mimea.
633 ni mimea ya shamba kama mahindi, na kahawa pia imo humu.
634 ni miti ya matunda, kama parachichi na maembe.
635 ni mboga.
636 ni mifugo: ng'ombe 636.2, nguruwe 636.4, kuku 636.5.
637 ni maziwa na vitu vitokanavyo na maziwa.
638 ni nyuki.

Namba imebandikwa mgongoni mwa kitabu. Ukishindwa, mwulize mkutubi, yaani mtunzaji wa maktaba. Hiyo ndiyo kazi yake, wala hatakucheka. Wazee walisema kuuliza si ujinga.

Lakini kuna onyo moja. Kabla ya kufuata shauri la kitabu, fungua kurasa za mwanzo utazame kilipigwa chapa mwaka gani. Kitabu cha kahawa cha mwaka 1970 hakiwezi kukueleza habari za Ruiru 11, kwa sababu aina hiyo, inayostahimili ugonjwa wa kuoza matunda na ule wa kutu ya majani, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 na watafiti wa hapa hapa Ruiru. Aina ya Batian ilifuata mwaka 2010. Tena vitabu vya zamani huenda vikakushauri kunyunyiza DDT, na Kenya ilipiga marufuku dawa hiyo katika kilimo mwaka 1986. Shauri la kukata matawi laweza kudumu miaka hamsini. Shauri la dawa huzeeka upesi. Ukiwa na shaka, nakili jina la dawa ulilolisoma, umletee Bwana Shamba kabla ya kununua.

GAZETI RASMI NA SHAMBA LAKO

Sasa narudi kwa swali la yule mzee. Gazeti Rasmi la Serikali, liitwalo Kenya Gazette, hutolewa kila wiki siku ya Ijumaa. Mkulima aangalie matangazo ya aina mbili hasa.

Aina ya kwanza ni ya mirathi. Mtu akiomba kortini kusimamia mali ya marehemu, jina la marehemu hutangazwa, na mwenye kupinga hupewa siku 30.

Aina ya pili ni ya hati za shamba zilizopotea. Mtu akidai kwamba hati imepotea, Msajili wa Ardhi hutangaza jina la mwenye shamba na namba ya shamba, kisha hungoja siku 60. Kama hakuna pingamizi, hati mpya hutolewa. Fikiri basi: hati yako imelala salama katika sanduku chini ya kitanda, na mtu mwingine amesema imepotea. Siku 60 zikipita bila wewe kusema neno, utakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha haki yako.

Siku zikipita si mwisho wa haki. Kwa mfano, katika mirathi sheria huruhusu mtu kuomba korti ifute hati iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo kubwa. Lakini kesi ni safari ndefu yenye gharama. Kusoma tangazo kwa wakati wake ni rahisi zaidi.

Gazeti hili linapatikana pia katika intaneti bila malipo. Mwenye simu ya kufaa, au kijana wake, anaweza kulitafuta kwa jina la marehemu au namba ya shamba. Asiyejua namna ya kutafuta amwombe mkutubi amwonyeshe mara moja tu.

KWA WALIO KARIBU NA KAHAWA SUKARI

Mkazi wa Kahawa Sukari, Ruiru au Juja yuko katikati ya njia. Kwa barabara ile ile ya Thika, anaweza kupanda matatu kwenda maktaba ya Thika, au kushuka Nairobi. Kenyatta University iko karibu zaidi, katika mahali palipokuwa kambi ya askari wa Kiingereza mpaka mwaka 1965, nayo ina maktaba kubwa. Lakini maktaba ya chuo imewekwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wake. Mgeni ni lazima aombe ruhusa. Ile ya umma huhitaji ruhusa ya mtu.

Kabla ya kufunga safari, ulizia kwanza saa za kufunguliwa na malipo, maana kila mahali pana utaratibu wake. Chukua kitambulisho chako. Ukitaka kuazima vitabu utajaza fomu, na pengine utatakiwa kuwa na mdhamini au kuweka amana. Kitabu ulichoazima kitunze mbali na mvua, moshi na mbuzi, ukirudishe kwa siku yake. Kuna mkulima mwingine anakingoja.

TUFANYE NINI KATIKA SKIMU

Mtu mmoja akienda Thika amefaidika mtu mmoja. Chama kikimtuma mtu, wamefaidika wengi. Basi nashauri mambo matatu. Chama cha ushirika kichague kijana mmoja wa kusoma matangazo ya ardhi na mirathi kila Ijumaa, na kuyatangaza katika mkutano yakiwa na jina la mtu wa kwetu. Pili, chama kitenge rafu moja ofisini ya vijitabu vya kilimo. Tatu, kamati iandike barua kwa kaunti kuomba vitabu viletwe karibu. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, wafugaji wamepelekewa vitabu juu ya ngamia. Kama ngamia ameweza kubeba maktaba jangwani, gari halitashindwa kufika katika skimu yetu yenye barabara.

Yule mzee alirudi ofisini baada ya majuma machache. Kesi yake ilikuwa haijakwisha. Safari hii hakutaka kumwona Bwana Shamba. Alikuja na mjukuu wake wa kidato cha pili, akaniomba nimwandikie kijana huyo katika karatasi jina la gazeti lile, na siku ambayo hutoka.