Kabla Hujaweka PIN: Jinsi ya Kuchagua Drili ya Betri ya Kazi

Uko juu ya ngazi, tundu la tatu halijafika nusu, betri inazima. Chaja umeiacha nyumbani na mwenye nyumba yuko pale chini anaangalia saa. Siku kama hiyo unapoteza muda, unapoteza mteja, na hata jirani yake ambaye angekupigia wiki ijayo. Mara nyingi shida ilianzia dukani, kwa uamuzi wa dakika tano.

Kulipa kwa simu ni sekunde chache tu. Kujua unalipia nini ndiko kunataka subira. Kwa hivyo leo hatuzungumzii jinsi ya kulipa tu, tunazungumzia yale ya kuangalia kabla hujaweka PIN.

Anza na ukuta

Jiulize: siku nyingi natoboa nini? Kama wewe ni fundi wa kabati au dari za jipsamu, kazi yako kubwa ni kufunga skrubu. Drili ya volti 12 inatosha kwa kazi nyingi za aina hiyo. Ni nyepesi, na mkono hauchoki haraka ukiwa umeinua juu siku nzima.

Kama unafunga braketi za TV na fimbo za pazia kwenye kuta za mawe, chukua ya volti 18 yenye alama ya nyundo kwenye shingo yake. Alama hiyo inaonyesha kwamba drili inazunguka na kugonga kwa wakati mmoja.

Konkriti ni mambo mengine. Nguzo, boriti na slabu zina kokoto ngumu na vyuma ndani. Ukizilazimisha na drili ya kawaida ya kugonga, utachoma biti na kuchosha mota. Hapo kunahitajika mashine ya SDS-Plus, ambayo ina nyundo yake ya ndani na hutumia biti za shina maalum. Kama kazi hiyo unaipata mara moja moja, ni afadhali ukodishe.

Volti za kwenye boksi

Drili iliyoandikwa 20V Max na iliyoandikwa 18V kwa kawaida ziko sawa. Zote zina seli 5 zilizofuatana ndani ya betri. Kila seli ina volti 4 hivi ikiwa imejaa, na wastani wa volti 3.6 ikiwa kazini. Moja imehesabu 5 mara 4, nyingine 5 mara 3.6. Basi.

Kuna drili za bei ya chini zimeandikwa 48V au hata 88V. Usibishane na muuzaji. Geuza chaja usome palipoandikwa "Output". Ukikuta volti 21, betri hiyo ni ya seli 5 kama zile nyingine, hata boksi liseme nini.

Unanunua betri, drili inafuata

Nguvu iliyohifadhiwa hupatikana kwa kuzidisha volti na Ah. Betri ya 18V na 2Ah ina wati-saa 36. Ya 18V na 4Ah ina 72, yaani kazi mara mbili kabla ya kurudi kwenye chaja. Lakini ni nzito zaidi, kwa hivyo mafundi wengi huona afadhali betri mbili za wastani: moja ikifanya kazi, nyingine inachaji.

Sasa uliza swali ambalo wengi husahau: "Betri pekee ni pesa ngapi, na mko nayo hapa?" Betri huchoka kabla ya drili. Tuseme, kwa mfano tu, drili moja ni shilingi 5,000 na betri yake haiuzwi peke yake. Nyingine ni 13,000, ina betri mbili, na betri ya kubadilisha ni 4,000. Ile ya kwanza ikiisha betri mara mbili, utakuwa umenunua drili tatu kwa 15,000, na bado una betri moja.

Kumbuka pia kwamba kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ukichagua vizuri leo, kesho utanunua grainda au msumeno bila betri, kwa bei nafuu, na utumie betri ulizo nazo.

Mtumba kutoka ng'ambo

Vifaa vya mtumba vinaweza kuwa vizuri, lakini soma chaja palipoandikwa "Input". Umeme wetu Kenya ni volti 240. Kwenye mijengo ya Uingereza hutumika sana vifaa vya volti 110 vyenye plagi ya manjano, na umeme wa Marekani ni volti 120. Chaja ya namna hiyo ukiichomeka ukutani hapa, itaungua. Tafuta 220–240 au 100–240.

Jaribu hapo hapo

- Weka biti ndefu na uwashe polepole. Ikiyumba ncha, mdomo wa drili si sawa.
- Shika mdomo uutikise. Ukicheza sana, beringi imechoka.
- Zungusha pete ya namba hadi ya chini, ufunge skrubu kwenye mbao. Drili inafaa kuachilia yenyewe.
- Kwa bidhaa mpya kutoka nje, tafuta stika ya ISM ya KEBS.
- Uliza waranti ya betri kando na ya drili. Mara nyingi hazilingani.

Sasa weka PIN

Lipa kwa till ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi. Hakikisha jina unaloliona kwenye simu ni la duka ulilosimama ndani yake. Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, usitume "deposit ya kushikiliwa". Lipa ukishaona mzigo na kuujaribu.

Ukipewa lipa pole pole, zidisha malipo ya kila wiki kwa idadi ya wiki, uongeze deposit, kisha ulinganishe na bei ya keshi. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya mkopo wako.

Mwisho, usifute ujumbe wa malipo. Uhifadhi pamoja na risiti na picha ya nambari ya mashine. Betri ikigoma mwezi wa tatu, utarudi dukani ukiwa na ushahidi mkononi.