Dalili, Kiashiria na Diski za Uti wa Mgongo

Hivi karibuni ililetwa mbele yetu tafsiri ya fomu ya ridhaa, yaani karatasi ambayo mgonjwa huitia sahihi kabla ya kushiriki katika utafiti. Utafiti wenyewe ulihusu maumivu ya kiuno, na katika tafsiri hiyo mgonjwa aliambiwa kwamba damu yake itapimwa "ili kuona dalili za kuoza kwa uti wa mgongo." Mfasiri hakukosea sarufi hata kidogo. Lakini mtu akisomewa maneno hayo huondoka akiamini mambo mawili: kwamba uti wake unaoza, na kwamba damu itatoa hukumu. Yote mawili si kweli, na sahihi iliyotiwa kwa kuamini hivyo haina thamani ya ridhaa.

Tuanze na kitu chenyewe. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na baina ya pingili na pingili mna diski, isipokuwa kati ya zile mbili za juu kabisa shingoni na zile zilizoungana chini ya kiuno. Kwa kawaida mtu ana diski 23. Kila diski ina kiini laini chenye utelezi, kilichozungukwa na pete ngumu ya nyuzi, na juu na chini yake pana gegedu jembamba. Kiini cha kijana ni maji kwa kadiri ya asilimia 80, na maji hayo hushikwa na protini kubwa iitwayo agrekani. Ndani ya kiini hamna mishipa ya damu. Chakula cha seli zake hupenya polepole kupitia gegedu. Vimeng'enya vinapoimega agrekani na kolajeni upesi kuliko seli ziwezavyo kuzitengeneza upya, kiini hukauka, diski hupungua kimo, na pete hupata nyufa.

Hapo hakuna kinachooza. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na Mswahili alisikiapo neno hilo hufikiri nyama na harufu. Wengine husema pingili "zimesagika". Nalo lapotosha, maana kinachoharibika hapo ni diski, wala si mfupa uliosagwa. Sisi twapendelea "kuchakaa kwa diski." Nguo huchakaa, tairi huchakaa, na mtu aweza kuwa na diski iliyochakaa asijue. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa, miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, picha zilikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Neno linalosumbua zaidi ni lile ambalo wataalamu huliita bayomaka. Faharasa iliyotolewa Marekani mwaka 2016 na taasisi za serikali za afya na dawa yaeleza kuwa hiyo ni sifa bainifu ipimwayo ili kuonyesha mwenendo wa mwili, wa ugonjwa, au mwitikio wa mwili kwa tiba. Yaongeza kuwa si kipimo cha namna mtu anavyojisikia. Basi "dalili" haifai, kwa kuwa maumivu na ganzi ya mguu ni dalili, navyo mgonjwa huvijua kabla ya daktari. "Alama" nayo tuliifikiria, lakini kila mwalimu anajua ingempeleka msomaji wapi. Tumeamua kupendekeza "kiashiria cha kibiolojia," au "kiashiria" tu pasipo shaka.

Kuashiria si kuthibitisha, na hapo ndipo neno hili linapofaa zaidi. Vipande vya kolajeni ya aina ya pili hupatikana katika mkojo gegedu linapomegeka. Lakini vyaweza kutoka goti au nyonga sawasawa na diski. Protini ya mwitikio ya aina C huzidi katika damu kwa uvimbe wa kila namna. Kwa hiyo hakuna hadi leo kipimo cha damu au cha mkojo kinachotumika kwa kawaida hospitalini kutambua kuchakaa kwa diski. Kazi hiyo hufanywa na picha ya sumaku, ambayo huonyesha maji ya kiini, na tangu 2001 madaktari wengi hutumia ngazi tano za Pfirrmann kuipima.

Watafsiri watofautishe pia "kiashiria cha ubashiri," kinachoeleza ugonjwa utaelekea wapi, na "kiashiria cha kufaa kwa tiba," kinachoeleza nani yaelekea atanufaika. Mfano wa hiki cha pili ni mabadiliko ya pingili kando ya diski, ambayo Michael Modic na wenzake waliyapanga katika aina mwaka 1988. Aina ya kwanza na ya pili hutumika leo kuchagua wagonjwa wa kuunguzwa kwa joto neva iliyo ndani ya pingili.

Sentensi ya fomu ile tumeiandika upya hivi: "Tutapima katika damu yako viashiria vinavyoweza kuhusiana na kuchakaa kwa diski za mgongo. Kipimo hiki hakitaonyesha kwa yakini kama diski zako zimechakaa." Ni ndefu kuliko ile ya awali, na mpiga chapa amekwisha kulalamika.