Umri wa Kustaafu: Je, Uongezwe? Tafakari katika Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa



Hivi karibuni, baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo, mwalimu mmoja mwenye umri wa miaka 58 aliniuliza: "Baba Padre, watu wanasema umri wa kustaafu uongezwe. Kanisa linafundisha nini?" Kabla sijajibu, kijana mhitimu wa ualimu, ambaye amesubiri ajira kwa miaka kadhaa, alisema kwa upole: "Mwalimu, ukiongezewa wewe miaka mitano ya kufundisha, mimi nami nitakuwa nimeongezewa mitano ya kusubiri." Mama mmoja mkulima, aliyekwisha kupita miaka sabini, akaongeza kwamba yeye tangu azaliwe hajaona mtu wa kumstaafisha jembe.

Sauti hizo tatu zinatosha kutuonesha kwamba suala hili haliwahusu watumishi wa Serikali peke yao. Ni suala la haki kati ya kizazi na kizazi, na kati ya aliye ndani ya mfumo na aliye nje yake. Ndiyo maana ni vema tulitafakari kama raia na kama waamini.

Sheria ilivyo kwa sasa

Katika nchi yetu ya Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari anapofikisha umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu anapofikisha miaka 60. Zipo kada chache, kama vile maprofesa na madaktari bingwa, ambazo zimeruhusiwa kuendelea hadi miaka 65. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, yaani PSSSF. NSSF ikabaki kuhudumia sekta binafsi na watu waliojiajiri.

Mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa PSSSF, mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Kwa NSSF, kwa kawaida kila upande huchangia asilimia 10. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, sharti awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Hesabu ya mafao hutegemea idadi ya miezi ya uchangiaji. Kila mwezi huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara unaotumika katika ukokotoaji. Aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, hupata pensheni kamili inayokaribia asilimia 62 ya wastani huo, kabla ya kutengwa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Akiongeza miaka mitano, yaani miezi 60, pensheni yake kamili huongezeka kwa takribani asilimia 10 ya wastani huo. Kwa upande wa mfuko, miaka hiyo mitano ni muda wa kuendelea kupokea mchango bila kulipa pensheni. Hapo ndipo penye mvuto wa pendekezo la kuongeza umri: mfuko hupumua, na yule mwenye afya njema hunufaika.

Kwa nini hoja hii hutolewa

Wanaotetea kuongezwa kwa umri wana sababu zenye uzito, na si haki kuzibeza. Watu wanaishi muda mrefu zaidi kuliko zamani, kwa hiyo pensheni hulipwa kwa miaka mingi zaidi. Aidha, mtu wa miaka 60 mara nyingi bado ana uzoefu ambao taifa lingali linauhitaji. Tena, umri wa kustaafu haukushuka kutoka mbinguni. Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Nayo Ufaransa, mwaka 2023, ilipitisha sheria ya kuupandisha hatua kwa hatua kutoka miaka 62 hadi 64, katikati ya migomo na maandamano makubwa.

Hata hivyo, tusichukue dawa ya jirani bila kuuchunguza ugonjwa wetu. Katika nchi nyingi za Ulaya wazee wanaongezeka na vijana wanapungua, hivyo wachangiaji hawatoshi. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na zaidi ya nusu yao hawajafikisha miaka 25. Sisi hatuna upungufu wa vijana wa kuchangia, bali tuna upungufu wa ajira rasmi za kuwawezesha kuchangia. Huo ni ugonjwa mwingine, nao unahitaji tiba nyingine.

Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu hayatupi sheria ya pensheni, lakini yanatupa mwanga. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 8, aya ya 23 hadi 26, Mungu anaagiza kwamba Walawi waanze utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wafikapo miaka 50 waache kazi ile. Wakati huohuo hawafukuzwi. Wanaruhusiwa kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi, bila kubeba tena mzigo wa utumishi wenyewe. Hapa tunaona mambo mawili yakikaa pamoja: mwili uliochoka unapewa pumziko, na hekima ya mzee inaendelea kuheshimiwa.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu Yesu Kristo anawakemea wale waliotumia kanuni ya kidini iitwayo Korbani ili wasiwatunze wazazi wao. Onyo hilo linatufaa hata leo. Kanuni inaweza kuandikwa vizuri na hesabu zake zikawa sahihi, lakini ikiwa matokeo yake ni kumkwepa mzee, imekosa haki.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwahimiza wafanyakazi na vyama vyao kuwa na akiba ya kuwasaidia wanachama wakati wa ajali, ugonjwa na uzee. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 19, aliitaja pensheni na bima ya uzee miongoni mwa haki za mfanyakazi. Kwa hiyo, kwa Mama Kanisa, pensheni si sadaka ya mwajiri wala hisani ya Serikali. Ni tunda la jasho la mtu mwenyewe.

Maswali matatu ya haki

Kanisa halina mamlaka ya kutaja kwamba umri ulio sahihi ni 60 au 63. Jambo hilo ni la wataalamu, wabunge na wananchi. Wajibu wa Kanisa ni kuuliza maswali ya haki, nami napendekeza matatu.

Swali la kwanza: mwili wa nani utaibeba miaka hiyo? Kanuni za Kanisa zinamwomba paroko awasilishe barua ya kung'atuka anapofikisha miaka 75. Lakini sisi mapadre tusijifanye kipimo cha wengine. Kuadhimisha Misa Takatifu katika umri wa miaka 70 si sawa na kukesha wodini zamu ya usiku, kusimama mbele ya darasa lenye wanafunzi zaidi ya mia, au kuendesha mtambo mgodini. Umri mmoja kwa wote unaonekana kuwa usawa, kumbe unaweza kumlemea zaidi yule aliyefanya kazi ngumu kwa ujira mdogo, na ambaye pengine hataishi miaka mingi ya kuifaidi pensheni yake.

Swali la pili: ni kijana gani atakayesubiri? Wachumi hubishana kama kila mzee anayebaki kazini humzuia kijana mmoja, kwa kuwa uchumi unaokua huweza kuwaajiri wote wawili. Hata hivyo, nafasi za utumishi wa umma hutegemea bajeti. Pale ambapo nafasi hazipanuki, anayechelewa kutoka humchelewesha anayengoja kuingia. Kijana huyo naye ana haki ya kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kuanza kuchangia uzee wake.

Swali la tatu: ni nani aliyesahaulika kabisa? Wakulima wetu wengi, wavuvi, mama lishe na mafundi wa mitaani hawamo katika mfuko wowote. Kwao mjadala wa miaka 60 au 65 ni kama mabishano ya watu walio ndani ya nyumba juu ya vyumba, ilhali wao wamelala nje. Zanzibar ilithubutu kuchukua hatua mwaka 2016, ilipoanza kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa. Kiasi ni kidogo, lakini kanuni iliyomo ni kubwa: mzee huheshimiwa kwa sababu ni mtu.

Kabla ya kuugusa umri

Kwa maoni yangu ya kichungaji, isingekuwa haki kuongeza umri wa kustaafu kwa lazima na kwa wote. Ingefaa kufuata njia ya Walawi: anayechoka aendelee kuwa na haki ya kupumzika katika umri uliopo, na anayeweza na kupenda kuendelea apewe nafasi, hasa ya kuwafundisha wadogo, pasipo kumfungia mlango kijana.

Zaidi ya hayo, kabla ya kumwomba mzee aongeze miaka, waajiri waulizwe kama wanawasilisha michango kwa wakati. Mwajiri anayekata mchango katika mshahara na kutouwasilisha anaiba uzee wa mtu. Serikali yenyewe ilibeba deni la watumishi waliokuwa kazini kabla ya mwaka 1999, ambao hawakuwa wakichangia, na ikaanza kulilipa kwa hati fungani maalumu. Kila deni la namna hiyo likilipwa, shinikizo juu ya umri hupungua.

Tukumbuke pia somo la kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilishusha mkupuo wa watumishi wengi hadi asilimia 25, na malalamiko yakawa makubwa hata Rais John Magufuli akasitisha matumizi yake mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/2025 ikatangazwa kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 awali, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Mtu aliyepanga maisha yake kwa ahadi moja asibadilishiwe ahadi akiwa mlangoni. Badiliko lolote, hata lile la lazima, lishirikishe wahusika, lianze taratibu, na liwalinde walio karibu kustaafu.

Wajibu wetu waamini

Ndugu mpendwa, usingoje sheria. Ikiwa umeajiriwa, hakiki taarifa za michango yako sasa, si mwaka wa mwisho wa utumishi. Ikiwa umejiajiri, NSSF inakupokea. Anza hata kwa kiasi kidogo. Ikiwa umeajiri mtu, hata mmoja, wasilisha mchango wake. Na ikiwa wazazi wako wangali hai, kumbuka kwamba pensheni, hata ikiwa nono, haiondoi wajibu wa Amri ya Nne ya Mungu.

Parokia nazo ziitumie vema Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliianzisha mwaka 2021 na ambayo huadhimishwa Dominika ya nne ya mwezi Julai. Tusiishie kupiga nao picha. Jumuiya iandike majina ya wazee wake wasio na pensheni wala mtoto wa karibu, na igawane zamu za kuwatembelea. Yule mama mkulima hatastaafishwa jembe na sheria yoyote ya leo. Kwa sasa, wa kumpumzisha ni sisi.

Watakatifu Yoakimu na Ana, mtuombee!