"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Neno la Dukani na Hukumu ya Sharia

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, na hasa nyinyi vijana, biashara ni chumo njema, na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliifanya kwa mikono yake kabla ya kupewa utume, akaenda Sham na mali ya Bibi Khadija, na watu wakamjua kwa uaminifu wake. Lakini biashara ina adabu zake, na anayeziacha adabu hizo hula haramu naye adhani ala halali. Mwezi huu twataka kusema juu ya neno moja ambalo kila mtu amelisoma dukani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Neno hili hupigwa chapa chini ya stakabadhi, hubandikwa ukutani, na wengi wamelikubali kama kwamba ni sharia. Je, ni sharia?

Suala hili latugusa sana sisi wa mkoa wa Songwe. Mji wa Tunduma ni mlango wa nchi. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia yapita hapa, na reli ya TAZARA kadhalika, na tangu mwaka 2019 forodha ya Tunduma na ya Nakonde zimefanywa kituo kimoja cha pamoja. Katika vitu vinavyouzwa kwa wingi siku hizi ni simu na kompyuta mpakato, na nyingi katika kompyuta hizo ni za mtumba, zilizokwisha kutumiwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo. Mzazi wa Mbozi hungoja malipo ya kahawa yake, na mwenziwe wa Momba huuza mpunga, ili mtoto aliyepata nafasi ya chuo apate chombo cha kusomea. Fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima. Chombo kikifa baada ya wiki mbili, na mwenye duka akaonyesha kwa kidole lile neno la ukutani, hasara iliyoingia nyumba ile si ndogo.

HUKUMU YA KASORO ILIYOFICHWA

Imepokewa na Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi ya Imam Muslim, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe. Yule akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamkemea kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akawatoa wenye kughushi katika kundi lake. Tazameni: mtu yule hakutamka uongo wowote. Alinyamaza tu, na lililo baya likawa chini. Basi mwenye kuuza kompyuta ambayo betri yake imekufa, akaiacha imechomekwa kwenye umeme ili mnunuzi asitambue, ana tofauti gani na mwenye lundo lile?

Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza khiari tatu ambazo yapasa kila mnunuzi azijue. Khiari maana yake ni haki ya kuendelea na mauzo au kuyavunja.

Ya kwanza ni khiari ya kikao. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, muuzaji na mnunuzi wana haki hii maadamu hawajaachana. Ukilipa, na kabla hujatoka mlangoni ukaona kioo kina ufa, waweza kurudisha.

Ya pili ni khiari ya sharti, nayo ni kupatana kwamba mnunuzi ana siku kadhaa za kujaribu. Mashafii wameiwekea mpaka wa siku tatu. Palikuwa na sahaba aliyekuwa akidanganywa sana katika ununuzi, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aseme, kila anunuapo, kwamba hapana kuhadaana; na katika mapokezi mengine akapewa siku tatu za kufikiri. Hii ndiyo dawa ya kompyuta ya mtumba. Mwambie mwenye duka mbele ya shahidi: "Nanunua kwa sharti la siku tatu." Mfanyabiashara mwema hatakataa, na akikataa, amekwisha kukufundisha jambo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ya tatu ni khiari ya kasoro. Kitu kikionekana na ila iliyokuwapo kabla ya kukipokea, nayo ni ila yenye kupunguza thamani au kuharibu makusudio yake, na mnunuzi hakuijua, basi ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha yake. Na haki hii haikuwekwa kwa ihsani ya mwenye duka, hata aiondoe kwa kibandiko. Qauli iliyo na nguvu kwa Mashafii ni kwamba muuzaji akishurutisha kuwa hana dhamana ya kasoro yoyote, sharti hilo halimwokoi, illa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Kompyuta si mnyama.

Hata hivyo, haki hii ina masharti kwa mnunuzi pia. Aionapo kasoro, airudishe mara moja bila ya kukawia, na aache kuitumia, kwani kuendelea kuitumia ni dalili ya kuridhika. Na ikiwa chombo kimeharibika upya mikononi mwake, kama kuanguka au kumwagiwa chai, hawezi kumlazimisha muuzaji kukipokea. Katika hali hiyo atadai fidia ya ile kasoro ya zamani tu. Mwenye kuivunja kompyuta yake, kisha akamzulia muuzaji, naye ni mghushi.

KUKAGUA NI WAJIBU WA MWENYE AKILI

Khiari si ruhusa ya kununua mbuzi katika gunia. Haki ni ngumu kuidai, na kukagua ni rahisi. Nenda dukani mchana, pamoja na kijana mwenye ujuzi, ukae saa nzima, na utazame mambo haya.

Kwanza, umri wake. Usidanganywe na kibandiko cha "i5" peke yake, kwani jina hilo limepewa prosesa za miaka mingi. Tazama namba iliyo mbele: i5-3320M ni ya kizazi cha 3, iliyotoka mwaka 2012, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017. Hapa pana jambo kubwa: kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa kawaida, haipokelewi rasmi na prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Kompyuta ya kizazi cha 3 si bure kabisa, yaweza kuandikia barua, lakini bei yake yapasa iwe chini sana.

Pili, RAM na ghala lake. Kwa mwanafunzi wa leo RAM ya GB 8 yatosha; GB 4 itamchosha. Ghala la SSD ni jepesi kuliko hadi diski ya kuzunguka, na kompyuta ya zamani yenye SSD yaweza kuishinda iliyo mpya kidogo yenye hadi diski.

Tatu, betri. Chomoa chaja, ufanye kazi nusu saa. Kisha, katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Utaonyeshwa uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Mathalan, ikiwa ilitengenezwa na 50,000 na sasa imebaki na 20,000, basi ni asilimia 40 tu, na gharama ya betri mpya uihesabu ndani ya bei.

Nne, kufuli. Zima, uwashe tena, uone kama yadai neno la siri kabla ya Windows kufunguka. Kompyuta za makampuni huwa na kufuli za ndani, na nyingine hujifunga baada ya kuunganishwa na intaneti. Basi iunganishe na intaneti hapo hapo dukani. Chombo chenye kufuli ya mtu mwingine chaweza kuwa cha wizi, na kununua kilichoibwa nawe wajua ni kushirikiana na mwizi.

Tano, viungo. Bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kamera, spika, na kila tundu. Chaja nayo isomwe: nyingi huandikwa volti 100 mpaka 240, nazo zafaa kwa umeme wetu wa volti 230, iliyoandikwa 110 peke yake itaungua.

Na kwa simu, bonyeza *#06# upate namba yake ya utambulisho, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ujue kama ni halisi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizifungia simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliozinunua ndio waliopata hasara.

Jihadharini pia na yule anayejifanya mnunuzi mwenzio, asifuye na kupandisha bei ili wewe uharakishe. Jambo hilo lina jina katika hadithi, nalo ni najash, na Mtume (s.a.w.) amelikataza.

KUANDIKA NA KUSHUHUDISHA

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha madeni yaandikwe, na watu washuhudishe wanapouziana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi dai stakabadhi ya mashine ya TRA, na iandikwe aina ya kompyuta, namba yake, bei, na siku za kujaribu mlizopatana. Ukidhulumiwa nawe una karatasi, unaweza kuzungumza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yakataza kumdanganya mnunuzi juu ya sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia.

KABLA YA KUMLAUMU MUUZAJI

Si kila kusimama ni kufa. Ikikataa kuwaka, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha chomeka tena ujaribu. Na ukiweza, jaribu chaja nyingine ya namna ile ile. Ikiwa nzito, huenda ghala limejaa, au programu nyingi zajifungua pamoja nayo. Ikipata moto, iondoe juu ya blanketi na godoro, maana matundu yake ya hewa yamezibwa. Vumbi la barabara zetu nalo huziba feni. Ikiingia maji, izime upesi, uipeleke kwa fundi, wala usiizike katika mchele. Betri ikivimba, usiitoboe wala usiichaji, kwani yaweza kuwaka moto. Na mvua za radi zianzapo, chomoa kila kitu ukutani.

Kabla ya kumpa fundi, nakili kazi zako na uondoe picha za nyumba yako. Nawe fundi, yaliyomo ndani ya kompyuta ya watu ni amana. Kuyapekua ni khiyana.

NENO KWA WENYE MADUKA

Imesimuliwa juu ya Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, ya kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye ila akasahau kumwambia mnunuzi, wala mnunuzi hakujulikana aliko. Imam akaitoa sadaka thamani ya mali ile. Hakusema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Enyi vijana wetu wenye maduka Tunduma, Vwawa na Mlowo, kiondoeni kibandiko kile, na mahali pake mwandike: "Kasoro zake ni hizi, na una siku tatu." Huenda mkauza chache wiki ya kwanza. Lakini mteja aliyeambiwa ukweli huja tena, na huja na nduguye.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na atubarikie ndani yake. Amin.