Kioo Cheusi Si Kifo cha Kompyuta

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lililotupata sisi nyumbani, na najua limezipata nyumba nyingi hapa kambini.

Jumamosi moja asubuhi kijana wetu aliwasha kompyuta ya mezani. Feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Mama yake akashika kichwa. Ndani ya mashine ile ndimo tulimoweka picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watano, pamoja na picha moja tu tuliyo nayo ya marehemu bibi yao. Karatasi zenyewe ziliharibiwa na mvua, hazisomeki tena.

Tukaibeba hadi kwa fundi mmoja. Akaiangalia dakika mbili, akasema, "Hii imekufa, mzee. Niachie nikununulie vipande." Nilikuwa karibu kukubali. Bahati nzuri shemeji yangu akaniambia, "Ngoja kwanza. Picha zako hazikai kwenye kioo."

Neno hilo mlishike. Kazi zenu zote zinakaa kwenye hadi diski, kile kidude bapa cha chuma kilichofungwa ndani ya sipiyu. Kioo, waya au ramu vinaweza kuharibika na diski ikabaki nzima. Kwa hiyo usiuze haraka, na usikubali mtu afute diski eti ndiyo dawa ya kioo cheusi. Siyo dawa yake.

Shemeji alitufundisha kuanza nje na kumalizia ndani. Fuateni hivi:

1. Kioo. Je, taa yake inawaka? Chomoa waya wa picha nyuma ya sipiyu, lakini kioo kiachie umeme. Vioo vingi vitaandika maneno ya kusema hakuna waya au hakuna ishara. Ukiyaona, kioo ni kizima. Ugonjwa uko upande wa pili. Angalia pia kama watoto hawakupunguza mwanga mpaka mwisho.

2. Waya wa picha. Ule wenye kichwa cha bluu una vijiti vyembamba kwa mistari mitatu. Kimoja kikiwa kimepinda, kinyooshe polepole. Kama nyuma ya sipiyu kuna matundu mawili ya namna hiyo, jaribu na lile la pili.

3. Umeme. Wengi wetu tunatumia sola na inveta ndogo. Kioo cha zamani chenye mgongo mkubwa peke yake kinaweza kula wati 70 hadi 100, na sipiyu nayo inataka sehemu yake. Inveta ikiwa ndogo au betri imechoka, feni inaweza kuzunguka bila mashine kuamka. Chomoa redio na chaji za simu, ujaribu tena.

4. Milio. Tega sikio unapowasha. Kwa mashine nyingi mlio mmoja mfupi ni salama. Milio inayojirudia mara nyingi ni ya ramu, ingawa kila kampuni ina lugha yake.

5. Ramu. Chomoa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili mabaki ya umeme yaishe. Fungua ubavu wa sipiyu. Gusa kwanza chuma kisicho na rangi, maana umeme wa mwilini unaweza kuua ramu. Itoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu na raba safi ya penseli, pangusa vumbi, halafu irudishe mpaka vishikio vyake vilie "ka!" Kama ziko mbili, jaribu moja moja.

6. Betri ndogo. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Umeme ukiwa umechomolewa, itoe kwa dakika 10 na uirudishe. Saa ya kompyuta itapotea, utairekebisha baadaye.

Sasa onyo, wazazi. Msifungue pawa saplai, lile boksi la chuma unapoingia waya wa umeme. Msifungue pia kioo chenye mgongo. Hivi viwili vinatunza umeme hata baada ya kuchomolewa, na vinaweza kuua mtu. Pia pawa saplai nyingine za zamani zina swichi ya 115 na 230. Huku kwetu iwe 230. Ikiwekwa 115 inaungua mara moja.

Yetu sisi kumbe ilikuwa ramu tu. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limeingia kwenye meno yake. Tulitumia raba ya mtoto wa darasa la tatu, hatukutoa hata senti. Jioni ile picha ya bibi ikatokea, na mama watoto akakaa mbele yake muda mrefu bila kusema neno.

Na kama umefanya yote na kioo bado ni cheusi? Nenda kwa fundi, lakini toa kwanza diski uiache nyumbani, umeifunga kwa kitambaa kikavu. Ili kuona kama mashine inaonyesha maandishi ya mwanzo, fundi haihitaji diski yako. Na hata sipiyu ikishindikana kabisa, diski inaweza kufungwa kwenye kompyuta ya jirani mkatoa vitu vyenu.

Usiku ule ule tulinakili vyeti vyote kwenye flashi mbili. Moja iko kwetu, nyingine iko kwa shemeji, kwenye nyumba nyingine. Wewe vyeti vya watoto wako viko mahali pangapi? Kama ni pamoja tu, usingoje kioo kiwe cheusi.

Tuonane mwezi ujao.