Kupinda na Kusokotwa kwa Nuru

Katika kusahihisha tafsiri ya somo la fizikia nilikuta sentensi hii: “Uvutano hugeuza nuru.” Sarufi yake ni sawa, lakini maana yake ni mbili. Kamba yaweza kupinda pasipo kusokotwa, na nuru ni vivyo hivyo.

Kinachopinda ni njia ya mwali. Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, Arthur Eddington alikuwa kisiwani Principe, na wenzake Sobral, nchini Brazili, wakipiga picha za nyota zilizoonekana karibu na jua. Kwa nadharia ya Einstein ya 1915, nuru ipitayo ukingoni mwa jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Vipimo viliiunga mkono.

Kinachoweza kusokotwa ni mwelekeo wa mtikisiko. Nuru hutikisika kwa kuikingama njia yake. Mtikisiko ukishika mwelekeo mmoja, nuru hiyo husemwa kuwa na polaraizesheni. Je, uvutano huugeuza mwelekeo huo? Yatupasa kuuliza kwanza: ugeuke kwa kulinganishwa na nini? Chukua fimbo kwenye Ikweta, uielekeze kaskazini. Nenda nayo hadi Ncha ya Kaskazini, ushuke Ikweta kwa njia iliyo pembemraba na ile ya kwanza, kisha urudi ulikoanzia, bila kuipindua fimbo mkononi. Utaikuta imelala sambamba na Ikweta. Mkono haukuigeuza, ni umbo la dunia. Ndivyo nuru iuchukuavyo mwelekeo wake katika anga ambalo umbo lake limebadilishwa na uvutano.

Kando ya gimba la mviringo lisilojizungusha, mwali hubaki katika bapa moja, na mtikisiko haubadili pembe yake na bapa hilo: nuru imepinda, haikusokotwa. Lakini mwaka 1957 G. V. Skrotskii alionyesha kwamba gimba linalojizungusha laweza kuusokota mtikisiko.

Sumaku nayo husokota, kama alivyogundua Michael Faraday mwaka 1845. Msokoto wake hutofautiana kwa urefu wa wimbi. Wa uvutano hautofautiani. Wanafalaki waliotoa picha ya polaraizesheni ya shimo jeusi la M87 mwaka 2021 iliwabidi kuzihesabu athari zote mbili.

Basi tuseme njia “hupinda” na mtikisiko “husokotwa”. Tukiviacha vitenzi hivi vichanganyike, mwanafunzi ataukosa ukweli kabla hajaifikia hesabu.